Mkono wa Idil

Hodan, leo darasa la jioni sitakuja. Mama yake Guleed amekataa mwanawe amuoe binti yangu Idil!

Alimshika Idil mkono mbele ya wanawake wote. "Jamani, huyu ni mke au fimbo ya kuchungia ngamia?" Wakacheka. Wallahi, walicheka!

Nikamwambia nimemnywesha Idil maziwa na samli siku arobaini ili anenepe. Akasema, "Siku arobaini tu? Na hiyo miaka ishirini, maziwa alikuwa anakunywa nani?"

Nikageuza macho. Wanangu wa kiume wanne wamekaa pale nje, mashavu yamewajaa.

Nimeswali, nimelia kwenye sijda, moyo haujatulia.

Sasa hivi nimepakua chakula, Idil akasimama mlangoni. "Mama, nile, au kaka zangu hawajashiba bado?"

Na sinia, Hodan, nilikuwa nimeshawapelekea wao.