Dawa ya Violet ku Muguu ya Mbombo

Tata Ngalula, mutoto yako anaona ndani ya nyama ya mutu bila kisu! Bila sindano, bila hata kumugusa na kidole! Ngalula wetu, mwenye ulikuwa unabeba ku mabega pa Musonoi, leo njo dogteri wa kupasula, na ku lopitalo yao bamemupatia mashini yenye hakuna mwingine hapa Kolwezi anajua kuitumikisha sawa yeye. Basi, nimesema. Sasa nakupa salamu, bwana yangu.

Sisi tuko, lakini nimechoka. Dada yako Mbombo ananichokesha, ndugu yako Kabeya ananichokesha, na mi mwenyewe najichokesha kubapita bote.

Sikia kwanza ile mashini. Mi niliachaka masomo mu mwaka ya tano ya primeri, lakini sasa nafasiria batu ya mutaa yetu yote ya Dilala. Ni kamera. Unakumbuka vile ulikuwa unachagua majiwe ku kazi, unainua moja ku jua, unasema: «Hii iko na shaba, hii udongo ya bure»? Ngalula anasema jicho ya mutu inaonaka rangi kidogo tu, lakini ile kamera inapasula mwangaza bipande mingi, inaona rangi zenye sisi hatuna hata jina yake. Inajua fasi damu inafika na hewa yake, na fasi haifike tena. Kisha inachora muguu ku televizio: nyama muzima rangi yake, nyama yenye inakufa rangi yake. Dogteri anajua fasi ya kupitisha kisu mbele hajakamata kisu. Anasema pia inaweza kujidanganya, na kichwa ya dogteri njo inamaliza. Ile ya mwisho siitangazake sana.

Na we... Siku balikukata muguu, hakuna mutu aliona fasi nyama yako muzima ilikuwa inaishia. Balikata chini, haikutosha. Balikata juu ya goti. Mara ya tatu haukurudi; nilikuwa inje na kikapo ya chakula yako, ingali moto.

Acha. Lakini nakukasirikia hata leo! Kidonda ulikificha mu soksi siku mingi, unaniambia: «Ni kilatu tu, Mama Ngalula, inanifinya.» Kilatu!

Sasa Mbombo naye. Sukari ya mu damu sawa yako, kidonda ku kidole sawa yako, kichwa nguvu sawa yako. Dogteri mukubwa anasema bakate chini ya goti. Ngalula akalomba bangoje, bamuangalie na kamera, pengine ni bidole mbili tu. Mambo yote iko pale: bidole mbili ao muguu. Mbombo anauzishaka mikate nyumba kwa nyumba. Bila muguu atafanya nini?

Na mi, na ile kinywa yangu, siku ya yenga nikatangaza ku kanisa nzima: kesho mutoto yangu atapiga Mbombo, bulamu yangu, foto yenye hamujaonaka! Dada yako akasikia foto tu. Unamujua. Alivaa kikwembe ya ndoa, akapaka poda, akaniambia: «Bulamu, nipigwe foto na kidonda ya vile? Batasema batu ya Kasai ni bachafu.» Nikaona ana haki. Nilisafisha ule muguu, nikapakala dawa ya violet, ile ya bidonda, toka bidole mpaka ku goti, kisha mafuta juu yake. Ilikuwa inang'aa sawa mbilinganya.

Ngalula akafungua kitambaa. Akatuangalia na ile macho yako, yenye inapita matusi. Ku televizio muguu yote rangi moja, mashini iliona violet tu. «Nani alifanya hii?» Mbombo akanionyesha na kidole, mbio! Enfirmie mumoja alitoka inje kucheka. Mi, mama ya dogteri!

Ile rangi haitoke na sabuni. Inabidi kungoja, na kidonda haingoje. Kila asubui Ngalula anagusa muguu, anapima homa, ananusa. Kama ubaya inapanda, batakata palepale, bila foto. Sababu ya violet yangu.

Na Kabeya anapiga simu toka Dilolo, kule anauzisha samaki ku mupaka: «Hakuna mutu atakata kitu ya dada yangu mbele jamaa haijakaa kushauriana.» Jamaa! Kwako jamaa ilikaa siku mbili, ikakunywa chai yangu, na muguu inaoza mu chumba. Mara hii mi, mwenye sisemake mbele yake, nilisema: kama unataka kukaa, kuya ukae pembeni ya kitanda, uone na macho yako. Akasema anakuya.

Ungecheka, najua. Ungesema: «Mama Ngalula, kinywa yako!» Nani ataniambia vile sasa? Batoto bananiheshimu kupita kipimo.

Leo rangi imeanza kupauka, na bidole tatu iko na joto, damu inafika. Ngalula aliweka mukono yangu pale nisikie mwenyewe. Niliacha mukono yangu pale mpaka Mbombo akalalamika.

Nakulaga, bwana yangu. Nakuahidi: sitapakala ule muguu kitu tena, hata maji, kama mutoto yako hajasema ndiyo. Na jamaa haitakaa siku mbili. Itakaa saa moja, mbele ya ile televizio, na mi njo nitashika mulango. Lala. Kama kule banakusikia, mulombee dada yako. Kabeya na bibi yake, bamama ba kanisa, bote nimebaita ku lopitalo kuona ile foto juma yenye inakuya, siku ya ine, asubui.