Uso wa Mama na Kioo Nilichokigeuza

Jumatano. Mvua imekatika, lakini paa bado linadondosha.

Yusta amevuta ncha ya kanga yangu sasa hivi, akaitia mate kama nifanyavyo mimi nikimfuta makamasi, akaanza kuufuta uso wa bibi yake kwenye picha. Anafuta, anatazama, anafuta tena. Uso haukutakata. Akanirudishia ncha ya kanga mkononi, kama mtu anayesema hii kazi imenishinda, malizia wewe.

Ana mwaka na nusu. Nimwambie nini?

Picha hiyo naibeba humu ndani yako, daftari, kila niendapo. Leo tuko baraza ya nyuma kwa Bwana Kaitano, yule Mgoa mpiga picha aliyefungua chumba chake karibu na stesheni reli ilipofika hapa Morogoro. Kazi yangu kwake ni kuosha mabamba ya kioo yanayoshika picha, na kufuta vyombo. Milima haionekani kabisa, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba. Baba Yusta yuko Mikese kwenye kambi ya reli mpaka Jumamosi. Kwa hiyo nakuambia wewe kwanza.

Leo nimemjua aliyeuharibu uso wa mama yangu.

Ni mimi.

Mama alishuka kutoka Kinole kabla ya masika, chungu cha zawadi kichwani. Alikuwa mfinyanzi, na chungu kile Bwana Kaitano alikipenda mno, akasema, "Basi mama, na mimi nitakupa picha." Mama akambeba Yusta mgongoni, mtoto amelala fofofo, kichwa kimechungulia begani. Lakini kabla ya kupigwa alitaka kwanza aone mambo yanavyokuwa. Nikasimama mimi mahali pake, yeye akaingiza kichwa chini ya kitambaa cheusi, kwenye kile kioo cha nyuma ya kamera ambacho mtu huonekana miguu juu, kichwa chini.

Nikasikia kicheko kutoka ndani ya kitambaa.

"Mwanangu, umening'inia kama popo! Na mimi nitakuwa hivyo hivyo? Njoo unifunge kanga vizuri, nisije nikaaibika mbele ya Mgoa wa watu!"

Hata Bwana Kaitano alicheka mpaka miwani ikamtoka.

Picha ilipotoka, kope za Yusta unaweza kuzihesabu moja moja. Hata pindo la kanga nyuma ya bega la mama linaonekana. Mama mwenyewe, aliye mbele, uso wake ni kama wa mtu aliyesimama nyuma ya mvuke wa chungu. Bwana Kaitano akasema, "Pole, Mama Yusta. Akishuka tena tutapiga nyingine."

Hakushuka tena. Kichomi kilimshika kule kule mlimani, na habari ilipotufikia na mimi kupanda, nilikuta wamekwisha kumzika.

Tangu siku ile picha zote zimekuwa zikitoka vibaya. Askari wa boma akatoka na vifungo vya ukungu, lakini mkeka ulio nyuma yake unaonyesha kila ukindu. Bibi harusi akapotea sura, kiti chake kikatoka safi. Bwana Kaitano ameifungua lenzi mara sijui ngapi, ameifuta, ameirudisha pete kwa pete. Wiki iliyopita akaketi kwenye ngazi, akaniambia polepole, "Mama Yusta, lenzi ni nzima. Ni macho yangu yamekwisha. Nitarudi kwetu."

Nikamwambia pole. Nikaendelea kufuta.

Leo asubuhi amekwenda stesheni kuuliza habari za safari ya Dar es Salaam. Mimi nikazipanga picha zote mbovu sakafuni, sijui nilikuwa natafuta nini. Labda nilitaka kuona watu wengine waliopotea kama mama. Ndipo nikaona kwamba kila mara kilicho safi ni kile cha nyuma. Kila mara! Macho mabovu yangekosea huku na huku, leo mbele, kesho nyuma.

Nikakiendea kile kioo cha kutazamia, nyuma ya kamera. Upande mmoja kinateleza, upande wa pili kinakwaruza kama mchanga mwembamba, na picha hutua kwenye upande huo unaokwaruza. Nikapitisha kidole. Mkwaruzo uko nje, upande wetu.



Nilikiosha mimi kwa majivu, siku moja kabla mama hajafika. Niliporudisha sikumwuliza mtu. Mikono ilijua yenyewe: ndani laini, nje pakwaruze. Ndivyo mama alivyonifundisha vyungu tangu mdogo, ndani chakula kisigande, nje kisiteleze mikononi. Lakini kioo hiki kinataka kinyume. Mkwaruzo ukiwa nje, pale unapotazama na pale bamba linapokaa baadaye badala ya kioo hapalingani. Ni unene wa kioo tu, mdogo kuliko punje ya mchele, na umetosha kumchukua mama.

Nikakigeuza. Nikapanga chupa tatu mezani, moja mbele, moja katikati, moja nyuma. Nikaitazama ya katikati kwenye kioo mpaka ikatulia, nikatia bamba moja lenye ufa ambalo lingetupwa. Nimemwona Bwana mara nyingi akiosha mabamba kwa dawa gizani, nikafanya vile vile. Chupa ya katikati imetoka safi mpaka tone la maji shingoni mwake.

Nikalia nimeshika chupa.

Macho ya Bwana Kaitano ni mazima. Amerudi, amelowa, namsikia chumba cha mbele anavua viatu. Sijamwambia. Atanifukuza au hatanifukuza, hilo tutaliona. Ninachoogopa ni kuisikia sauti yangu mwenyewe ikisema ni mimi, kwa sababu nikishasema, itakuwa kweli hata kwa mama.

Lakini mtu hawezi kufungasha nyumba yake na kupanda meli kwa sababu ya kosa la mkono wangu.

Yusta ameanza tena kufuta. Acha afute. Siku moja nitamwambia kwamba nyuma ya ukungu ule bibi yake amebana midomo asicheke, maana mambo ya popo yalikuwa hayajamwisha. Mimi namwona. Yeye atanisadiki, nadhani.

"Mama Yusta! Nani amepanga chupa mezani kwangu? Na bamba hili je? Hebu njoo!"

Anaita. Naam, Bwana, nakuja. Nitaanza na chungu alichokipenda, nimwambie jinsi mama alivyokuwa akikifinyanga, ndani laini, nje pakwaruze.