Tumbawe la Rukia kwenye Kabati la Halua

Jumatatu, 4 Februari 1957
Nimemimina maji tena kwa kata, kutoka juu, yaingie hewa. Mkono unauma. Rukia, mke wa mwanangu Athumani, yuko Moa anamuuguza dadake. Kaniachia kabati la kioo. Lilikuwa la halua, la dukani kwa Athumani. Sasa limejaa maji ya bahari, na ndani limo tumbawe lake la mwambani, lile lisilo na mfupa, laini kama sikio la mbuzi. Jua likipiga dirishani linafungua vidole. Kufuga kitu kile ndani ya nyumba! Sijaona mwingine aliyeweza.
Athumani anataka kabati lake. Kasema tumbawe likifa, analichukua siku hiyo hiyo.

Alhamisi, 7 Februari
Joto. Maji yanapungua kabatini. Rukia aliagiza nijazie ya kisima. Upuuzi. Mnyama wa bahari umpe maji ya kisima? Nimejazia ya bahari. Jana hivyo hivyo, na juzi.

Jumapili, 10 Februari
Vidole vimefumba. Limelala upande kama kitambaa kilicholowa. Sikula.

Jumanne, 12 Februari
Rukia karudi. Kachovya kidole kabatini, kakionja. "Mama, umejazia maji gani?" Nikamwambia. Nikaonja na mimi. Chumvi tupu! Na mimi nimechemsha chumvi Moa tangu kigori, najua maji yakikauka chumvi haiendi popote. Mjinga mkubwa. "Bado kidogo tungeuza chumvi, mama," kasema, mbele ya jirani. Nimestahili.

Jumatano, 13 Februari
Kutwa anapunguza maji na kutia ya kisima kidogo kidogo. Kisha wembe. Nikadhani anamalizia kuua. Sehemu iliyooza katupa. Palipo pazima kakata vipande saba, kila kimoja juu ya jiwe lake, kakifunga kwa uzi wa kushonea, kwa kulegeza, kama hirizi ya mtoto. Nimefunga viwili. Kimoja nilikibana mno, kakifungua, kakifunga upya. Mkono wake ule!
Hakufundishwa na mtu. Kaona mwenyewe mwambani, maji yakipwa, kipande kilichovunjika kimeshika jiwe kingine na kinaishi. Mimi nimepita pale pale maisha yangu yote natafuta pweza. Sikuona kitu.

Ijumaa, 15 Februari
Athumani kaja na hamali na mkokoteni. "Limekufa hilo, mama. Nanusa toka mlangoni."
Nikasimama mbele ya kioo. "Niliyeharibu ni mimi, si mkeo. Halua uza kwenye sinia, babako aliuza hivyo na wewe ukala ukashiba."
Hamali kacheka. Athumani hakucheka. Katoa siku kumi.

Jumatano, 20 Februari
Viwili vimeoza. Vitano vimejikunja tu. Rukia halali vizuri. Mimi nina hasira na kila mtu.

Jumatatu, 25 Februari
Vitano vimefungua vidole. Rukia kakata uzi wa kimoja, katikisa maji. Hakikung'oka. Kimeshika jiwe.
Athumani kachuchumaa mbele ya kioo kitambo kirefu. Kaondoka na mkokoteni mtupu.
Rukia kalala mchana huu. Nimefunga mlango, kelele za njiani zisimwamshe. Nimekaa na hawa watano.