Usingizi wa Mchana na Mfungo Unaokuja

Gisenyi, mwezi wa Rajabu

Kwa dada yangu Mwanaidi, Ujiji

Assalamu alaikum dada yangu. U hali gani, na kifua chako sasa kinakuachia ulale? Hapa mke wangu Mama Hadija na watoto hawajambo, na mimi pia ni mzima, ukinitazama kwa macho. Mengine yamenichanganya, na sina wa kumwambia ila wewe.

Ule usingizi wa mchana niliokuambia umezidi. Nalala nikikanyaga cherehani, nalala nikimpima mteja kiuno. Msikitini, paji la uso likigusa mkeka tu, nimekwenda. Watu wa safu yangu wakaanza kusema fundi Shabani ana sujudu ndefu, ana siri na Mola wake. Mama mmoja jirani akaniletea mtoto mwenye homa nimsomee. Nikamwambia, "Mama, mi nilikuwa nalala tu." Akanijibu, "Batu ya Mungu banasemaka hivyo hivyo." Nikamsomea Fatiha, nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Na kucheka, dada. Sudi muuza nyama akileta utani wake barazani, magoti yananilegea, kidevu kinashuka, naanguka kama nguo iliyoteleza kwenye kamba. Lakini masikio yanasikia kila neno. Namsikia Sudi anawaambia wenzake, "Musimuchekeshe fundi, suruali yangu iko bado kwa mashine."

Siku sindano ilipopita kidoleni nikiwa usingizini, walinipeleka hospitali. Madaktari waliposikia natoka pande za Ziwa Tanganyika, wakaacha kidole wakaanza kunipapasa shingo. Wanatafuta tezi za malale, ule ugonjwa wa usingizi uletwao na mbung'o. Unajua mgonjwa wa malale hutengwa kambini, mbali na watu wake. Walinichoma sindano ya mgongo wakatoa maji, nami kitandani nasoma Yasini, nalala katikati ya aya, naanza tena. Maji yakaonekana safi. Si malale. Basi ni nini? Hakuna aliyejua.

Kisha akapita daktari mmoja kutoka Bukavu. Huyo hakugusa shingo. Alisema Kifaransa chake, muuguzi akanigeukia kunitafsiria, bila kunitazama usoni: "Anauliza, wakati unacheka, magoti yako inafanya nini?"

Nilidhani wananichezea, lakini nikaeleza. Daktari akamwamuru muuguzi anichekeshe. Maskini, akasimama na koti lake jeupe, mikono hajui aiweke wapi. "Mi sijui kuchekesha batu," akasema. "Mi niko muuguzi." Alivyolisema kwa huzuni ile, dada, nikaanguka palepale sakafuni. Daktari akapiga magoti kando yangu akinigongagonga goti kwa kinyundo, uso umemng'aa kama mtu aliyeokota ufunguo wake uliopotea.

Akasema ugonjwa huu una jina, narkolepsi. Usingizi, kule kuanguka, na hata jinamizi linalonikalia kifuani usiku, vyote ni kitu kimoja. Hauponi, ila hutulizwa. Mpaka leo sijaelewa. Jinamizi na kicheko vinakutana wapi? Mama Hadija alikuwa anasema ni pepo. Nilipewa vidonge, kimoja alfajiri, kimoja adhuhuri. Moyo unakwenda mbio kidogo, chakula sikitamani, lakini nakaa macho. Ijumaa nilisikia hotuba yote tangu mwanzo. Sikujua kumbe ni ndefu hivyo.

Sasa Ramadhani inakuja. Kidonge nikikimeza wakati wa daku, nguvu yake inaisha mchana ungali mrefu. Nilijaribu, nikafunga Alhamisi moja. Pasi ya makaa ikaniponyoka juu ya nguo za watu, Mama Hadija akazima moto kwa maji ya mtungi. "We ukifunga bila kidonge," ameniambia, "mi na batoto tutahamia kwa jirani." Mwalimu wetu wa msikitini alisema mgonjwa ana ruhusa ya kula. Kisha akanitazama. "Lakini wewe ni mgonjwa, Shabani? Unatembea, unashona, huna homa. Hilo unalijua mwenyewe."

Mimi mwenyewe ndiye nisiyejua. Asubuhi naona ni ugonjwa. Nikishasali naona ni udhaifu wa imani, nami nimeuvika jina la Kizungu.

Daktari aliuliza kama baba alikuwa hivi. Nilijibu sijui, alifariki mimi mtoto. Lakini swali lile halijaniacha. Watu wote walikuwa wakisema mzee wetu alikuwa mtu mzito, hacheki mbele za watu, nami nimekua nikidhani ni heshima yake. Wewe uliishi naye. Uliwahi kumwona akicheka? Akicheka alikuwa anashika kitu asianguke, mlango, au bega la mama? Alikuwa anainuka na kwenda zake mazungumzo yakinoga? Kama ndivyo, basi mimi ni mgonjwa kama alivyokuwa yeye. Nitameza kidonge mchana wa Ramadhani, nitalisha maskini, na moyo utatulia. Kama sivyo, niambie vilevile. Usinifiche kwa kunihurumia.

Nisalimie shemeji Kitwana mumeo, na shangazi Bi Mgeni aliyenilea, umwambie namwombea macho yake. Mpwa wangu Asha mpe pole ya uzazi.

Nami ni mdogo wako wa tumbo moja, Shabani, fundi cherehani. Tafadhali dada, nijibu upesi, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama.