Perege Wamekufa Wameshiba

Ganako, Karatu

Baba,

Shikamoo. Nimeiandika tu, ingawa najua marahaba yako sitaisikia tena.

Perege wa bwawani wamekufa. Nakuambia mapema, hukupenda maneno ya kuzungukazunguka.

Siku za matanga yako wazee walikataza mtu wa nyumbani kushika kazi yoyote, hata kurusha pumba bwawani. Nikatii. Tulipoondoa tanga nilikwenda huko nimebeba debe zima. Niliwahurumia, Baba. Nilidhani njaa ya siku zote zile inaondolewa kwa siku moja, nikamwaga lote. Kesho yake pumba zilikuwa zimeoza, maji yananuka, samaki wanaelea matumbo juu. Majirani wasiokula samaki, wanaotucheka kwamba tunafuga nyoka wa majini, hawakucheka. Walinisaidia kuwaopoa.

Nilimpasua mmoja kwa kisu chako, kama ulivyonifundisha uliporudi kwenye kozi ya ufugaji. Ulinionyesha kifuko cha nyongo: samaki akiwa na njaa kinajaa, kijani kizito, akila kinasinyaa. Ulisema chakula kikifika, utumbo unatoa homoni, inapita kwenye damu, inaiamuru nyongo ijikamue, inaliambia tumbo lipunguze mwendo, na samaki anajua ameshiba. "Utumbo ndio msimamizi wa shamba, mdomo ni kibarua tu," ukacheka peke yako. Kifuko cha huyu kilikuwa kimesinyaa. Alikula, akashiba, akaacha. Yaliyomuua ni masazo yangu, yalioza yakamaliza hewa majini.

Nikakaa kwenye matope nikalia, maana niliukumbuka uji. Wiki yako ya mwisho ulifumba mdomo, ukasema, "Inatosha, mwanangu." Mimi nikaendelea, kijiko juu ya kijiko, mpaka ukatapika na machozi yakakutoka. Niliita mapenzi, kumbe ni woga. Mungu wangu, kwa nini sikuacha?

Sina raha, Baba. Mama ananiwekea chakula, nakitazama kinapoa. Watu wanasema nitazoea. Sitaki kuzoea, na sijui nitaishije bila kuzoea.

Wamebaki perege wadogo tisa, pale maji ya kutoka msitu wa Ngorongoro yanapoingilia. Nakuahidi nitawapa kiganja kimoja kimoja, na wakigeuka kwenda zao nitaacha.

Nisamehe, Baba. Kwaheri. Pumzika, sikulazimishi tena.

Binti yako,
Salma