Tulivyoamshwa na Ndovu Msituni

Mama Kemunto wangu,

Nakusalimu kutoka msitu mkubwa ulio juu ya mashamba ya chai, ambako kanisa limetuleta sisi wachumaji tupumzike na kulala kwenye mahema. Baridi ya huku inauma mpaka meno.

Leo alfajiri nilisikia matawi yakivunjika nje. Kwa usingizi nikafikiri wenzangu wameanza kazi bila mimi. Nikatoka mbio na gamubuti moja mguuni, nikiita, "Nyapara, niandike! Nimefika!"

Kumbe ni ndovu. Alikuwa karibu nami kama kutoka mlango wetu hadi jikoni, anakula mianzi, mtoto wake amejificha chini ya tumbo. Kiprono, mwenyeji wa huku ninayechuma naye, akaninong'oneza kutoka hemani, "Baba Kemunto, huyo haandiki mtu. Usitingishike!"

Nilijua naweza kufa pale bila kukuona tena. Akasogea, mkonga ukanyooka, ukaninusa kifuani, pumzi yake moto kama mvuke wa sufuria. Halafu akageuka na mtoto wake wakaingia kwenye ukungu. Mnyama mkubwa hivyo, na sikusikia hata kishindo. Nilikaa kwenye umande nikalia, na ule uchovu unaoujua ukanitoka wote.

Mungu awalinde hapo nyumbani. Waambie watoto baba yao alinuswa na ndovu, akaachwa awarudie.

Mume wako,
Ombati