Mizani Bandia Ndiyo Inayonijibu

Mpendwa Shangazi Asia, shikamoo, naomba unisikilize maana hapa Rahaleo sina wa kumwambia, kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, peke yangu chumbani, na chama cha wakulima huko Nanyamba kilinipa kazi ya kuunganisha mizani ya korosho na kompyuta ya ghala, nami badala ya kwenda kuiona nikatengeneza mizani bandia humohumo kwenye kompyuta, ndivyo tunavyojaribu programu, unaiambia mapema kwamba kwa kila gunia itaulizwa mara moja tu, ikiulizwa ijibu kilo themanini, ikiulizwa zaidi jaribio linafeli, basi majaribio yangu yote yakafaulu, skrini kijani tupu, nikajisifu mwenyewe kwa sauti.

Nilipoipeleka programu ghalani, kumbe kila gunia hupimwa mara mbili, mpimaji analishusha na kulipandisha tena ili mkulima aone kwa macho yake, programu yangu ikahesabu magunia mawili, watu wakaja juu, kazi ikasimama, na mpimaji, Gaudensi, akaniuliza mbele ya wote, "Dada, umewahi kukaa hapa tukipima?" Nikapanda bodaboda nikaondoka. Amenipigia mara nne, sipokei, najua atanitukana, na ujumbe wa kuacha kazi nimeshauandika. Shangazi, namaliza wiki nzima sijaongea na mtu, mizani bandia ndiyo pekee inayonijibu. Niutume?

Sabra, Rahaleo

Marahaba Sabra. Pole mwanangu, upweke unauma na wala sikucheki. Ila hapa nakugombeza. Hiyo mizani ilikuwa inakurudishia maneno yako. Swali ulipanga wewe, jibu ukapanga wewe, halafu ukajipongeza. Sasa na Gaudensi umeshampangia la kusema, ndiyo maana hupokei simu. Mwenzio aliuliza swali la kawaida kabisa, na jibu lake lilikuwa neno moja tu: sijawahi.

Futa huo ujumbe. Kesho nenda Nanyamba, kompyuta iache nyumbani, ukae kando ya mizani mpaka ghala lifungwe. Uliza, hata ukionekana mshamba. Wakila, kula nao, usijifanye umeshiba. Ukirudi, iambie mizani yako bandia kwamba itaulizwa mara mbili na gunia ni lilelile.

Lakini kwanza mpigie Gaudensi, leo hii. Mtu mwenye nia ya kutukana hasumbuki kupiga mara nne. Mwambie, "Sijawahi kukaa, nakuja kesho," kisha nyamaza umwache aseme. Atakachojibu mimi sikijui, na wewe hukijui.